PipeWire: Sauti na picha zimeungana kwenye kompyuta, nani atailinda njia panda?

KWA takriban miaka 20, mtumiaji wa kompyuta yenye mfumo wa Linux alilazimika kuchagua moja kati ya mambo mawili. Ama awe msikilizaji wa kawaida anayecheza muziki, kutazama filamu na kuzungumza na ndugu zake kwa intaneti, ama awe mwanamuziki anayerekodi sauti bila kuchelewa. Kuwa yote mawili kwa wakati mmoja, ndani ya mashine moja, lilikuwa jambo la taabu lililohitaji fundi.

Mgawanyiko huo haukusababishwa na udhaifu wa mashine. Kompyuta ya kawaida ya mwaka 2005 ilikuwa na nguvu za kutosha kuchanganya sauti za programu kadhaa na kuzitoa zote kwenye spika bila shida.

Kiini cha tatizo kilikuwa swali la kiutawala zaidi kuliko la kiufundi. Kadi ya sauti ni moja, programu zinazoitaka ni nyingi, na kila moja ina haraka yake. Ni nani apewe mamlaka ya kupanga zamu?

Jibu ambalo wengi wamelikubali limetoka kwa PipeWire, mfumo wa pamoja wa kusafirisha sauti na picha za video ndani ya kompyuta. Ulianza kujengwa mwaka 2015 na mhandisi Wim Taymans wa kampuni ya Red Hat ya Marekani, na ukafikia toleo la 1.0 Novemba 2023. Wasambazaji wakubwa wa Linux kama Fedora, Ubuntu na Debian wameuweka kuwa mfumo wao wa kawaida wa sauti.

Watumiaji wengi hawajui hata kama upo, na huenda hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Hata hivyo, historia yake inabeba mafunzo mawili yanayovuka mipaka ya kompyuta. La kwanza ni kwamba mfumo huo mpya uliwashinda watangulizi wake kwa kuwaheshimu, si kwa kuwafukuza. La pili ni kwamba umoja huo, pamoja na faida zake zote, umeyaweka masikio na macho ya kompyuta nzima katika njia panda moja, na njia panda inahitaji mlinzi.

Tangi kubwa na tangi dogo

Ili kuelewa ugomvi ulikuwa wa nini, ni lazima kwanza kuelewa maana ya kuchelewa kwa sauti.

Ndani ya kompyuta, sauti hukatwa vipande vidogo viitwavyo sampuli, kwa kawaida sampuli 48,000 kwa kila sekunde. Programu haiipelekei kadi ya sauti sampuli moja moja. Huzikusanya kwanza katika akiba, kisha akiba hiyo humiminwa kwa mkupuo.

Akiba hiyo inafanana na tangi la maji lililo juu ya nyumba ya mjini. Tangi likiwa kubwa, maji ya bomba yakikatika kwa muda nyumba haikauki, lakini maji yaliyoingia sasa hivi hayafiki jikoni mpaka yaliyotangulia yaishe. Tangi likiwa dogo, maji mapya hufika upesi, ila bomba likikatika kidogo tu, mfereji unakauka. Kwenye sauti, kukauka huko ndiko husikika kama mkwaruzo au mkatiko.

Kwa hesabu, akiba ya sampuli 1,024 ni sawa na kuchelewa kwa takriban milisekunde 21, yaani sehemu 21 za elfu za sekunde. Akiba ya sampuli 64 huchelewesha kwa milisekunde 1.3 tu.

Kwa anayesikiliza wimbo uliokwisha kurekodiwa, milisekunde 21 au hata sekunde mbili si kitu, kwa sababu hana cha kulinganisha nacho. Kwa anayepiga kinanda kilichounganishwa na kompyuta, au anayeimba huku akijisikiliza kwenye hedifoni, hali ni tofauti kabisa. Wanamuziki wengi huanza kusumbuka pale kuchelewa kunapopita milisekunde 10 hivi.

Kiasi hicho kinaweza kuonekana kidogo mno, lakini kina kipimo chake katika maisha ya kila siku. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo milisekunde 10 ni muda wa sauti kusafiri mita 3.4. Wapiga ngoma wawili waliosimama umbali huo wanaelewana vizuri. Watenganishwe kwa mita 30, na kila mmoja ataona mwenzake anauvuta mdundo nyuma.

Mazungumzo nayo yana kiwango chake. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa cha msemaji hadi sikio la msikilizaji ili mazungumzo yaende bila watu kukatizana. Sehemu kubwa ya muda huo huliwa na mtandao wenyewe, na kompyuta ikiongeza uzembe wake, kiwango kinavukwa.

Kwa nini basi kila mtu asipewe tangi dogo? Sababu ni kwamba tangi dogo linahitaji kujazwa mara nyingi. Akiba ya sampuli 64 huilazimu prosesa kuamka mara 750 kwa sekunde, wakati ile ya sampuli 1,024 huiamsha mara 47 hivi. Kwa mwenye kompyuta ya mkononi inayotegemea betri, tofauti hiyo si ndogo.

Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na haki. Msikilizaji alitaka tangi kubwa lisilokauka na lisilomaliza betri. Mwanamuziki alitaka tangi dogo hata kama lingekuwa na gharama. Hapo ndipo njia zilipoachana.

Nyumba moja, wenye nyumba wawili

Desemba 2003, kiini cha Linux toleo la 2.6 kilitoka kikiwa na ALSA, mfumo wa kuzungumza na kadi za sauti ulioasisiwa na Jaroslav Kysela wa Jamhuri ya Czech mwaka 1998. ALSA ilijua kuiamuru kadi, lakini kazi ya kuwapatanisha wateja wengi wa kadi hiyo iliachwa kwa walio juu yake.

Mazingira ya kazi ya GNOME yalikuwa na mpatanishi wake aliyeitwa ESD, na yale ya KDE yalikuwa na wake aliyeitwa aRts. Programu ya upande mmoja ikishika kadi, ya upande wa pili ilikuwa bubu.

Kutokana na hali hiyo ikajengwa mifumo miwili yenye nguvu. Mwaka 2004, Mjerumani Lennart Poettering alianzisha mfumo ambao baadaye uliitwa PulseAudio. Huo ulichanganya sauti za programu zote, ukampa kila mtumiaji uwezo wa kupunguza sauti ya programu moja bila kugusa nyingine, na kuhamisha muziki kutoka kwenye spika kwenda kwenye hedifoni bila kuukatiza.

Upande wa pili alikuwapo Paul Davis, mwandishi wa programu ya kurekodi muziki iitwayo Ardour, aliyeujenga mfumo wa JACK mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika JACK, programu zote hutembea kwa mdundo mmoja kama askari wa gwaride, na sauti inayotoka kwenye programu moja inaweza kuingizwa kwenye nyingine kama waya unavyochomekwa studioni.

Kila mfumo ulifanya vizuri kazi uliyoundiwa. Tatizo ni kwamba kila mmoja uliitaka kadi ya sauti iwe yake peke yake. Mwanamuziki aliyewasha JACK alikuta kivinjari chake cha intaneti kimenyamaza. Alipotaka kurudi kwenye matumizi ya kawaida, ilimbidi azime kimoja awashe kingine, au aunganishe mifumo hiyo miwili kwa madaraja yaliyokuwa yakivunjika mara kwa mara.

Somo la mwaka 2008

Itakumbukwa kwamba jaribio la kwanza la kuleta umoja halikupokewa kwa shangwe. Fedora iliiweka PulseAudio kuwa mfumo wake wa kawaida Novemba 2007, na Ubuntu ikafuata Aprili 2008. Programu nyingi hazikuwa tayari, na programu zinazoongoza kadi za sauti zilikuwa na kasoro ambazo hakuna aliyezijua hadi PulseAudio ilipozitumia kwa njia ambayo haikuwa imezoeleka.

Matokeo yake, maelfu ya watu waliosasisha mashine zao walikuta sauti inakatika au haipo kabisa. Lawama zikaelekezwa kwa PulseAudio, ingawa sehemu ya makosa ilikuwa mahali pengine. Mfumo huo ulikuja kutengemaa na kutumika kwa zaidi ya miaka kumi, lakini jina lake lilibaki na doa.

Funzo lilikuwa wazi kwa waliotaka kuliona. Katika kompyuta, kama ilivyo katika siasa, mageuzi mazuri yakiletwa kabla ya wakati wake huwapa wapinzani wake hoja ya kudumu.

Picha nzito kuliko sauti

Wakati ugomvi wa sauti ukiendelea, tatizo jingine lilikuwa linakua upande wa picha.

Tangu miaka ya 1980, kompyuta za jamii ya Unix zilitumia mfumo wa X kuchora madirisha kwenye skrini. X ulikuwa na uwazi wa kupindukia. Programu yoyote iliyounganishwa nao iliweza kusoma kilichoandikwa kwenye madirisha ya programu nyingine, na hata kufuatilia vitufe vinavyobonyezwa. Programu ya kushiriki skrini katika mkutano wa mtandaoni ilijichukulia picha tu, na programu ya kijasusi nayo iliweza kufanya vivyo hivyo.

Mwaka 2008, Kristian Høgsberg alianzisha mradi wa Wayland uliokusudiwa kuchukua nafasi ya X. Katika Wayland, kila programu huona dirisha lake tu. Usalama ukaongezeka, lakini mlango wa kushiriki skrini ukafungwa pamoja na mlango wa wadukuzi. Ikahitajika njia halali ya kupitisha picha kutoka kwenye skrini kwenda kwa programu iliyoruhusiwa, na njia hiyo haikuwapo.

Athari zake hazikuwa za nadharia. Oktoba 2017, Ubuntu 17.10 ilitoka ikitumia Wayland kama chaguo la kwanza. Miezi michache baadaye, watengenezaji wake walitangaza kwamba toleo la Aprili 2018 lingerudi kwenye X, na miongoni mwa sababu walizozitaja ilikuwa ni kushiriki skrini katika mazungumzo ya video. Ubuntu haikurudi tena kwenye Wayland kama chaguo la kawaida hadi Aprili 2021.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini picha hizo zisipitishwe katika mifumo ya sauti iliyokuwapo? Jibu liko kwenye uzito. Sauti ya stirio yenye sampuli 48,000, kila moja ikiwa na baiti nne, ni baiti 384,000 kwa sekunde. Picha ya skrini yenye upana wa nukta 1,920 na kimo cha nukta 1,080, ikibadilishwa mara 60 kwa sekunde, ni karibu baiti milioni 498. Hiyo ni zaidi ya mara 1,200 ya mzigo wa sauti.

Sauti inaweza kunakiliwa kutoka programu moja hadi nyingine bila mashine kuhisi. Picha ikinakiliwa mara tatu au nne njiani, prosesa hupata joto, feni hulia na video hukwama.

Stakabadhi badala ya magunia

Taymans alikuwa mtu sahihi wa kuliona tatizo hilo, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wajenzi wa mwanzo wa GStreamer, mfumo maarufu wa kuchakata sauti na video. Mradi wake ulianza kwa jina la Pinos, ukilenga picha za kamera na skrini peke yake. Ndani ya miaka miwili ilidhihirika kwamba njia inayoweza kubeba picha kwa haraka inaweza kubeba sauti pia, na mwaka 2017 mradi ukatangazwa kwa jina jipya la PipeWire.

Ufumbuzi wake wa uzito wa picha unaweza kueleweka vizuri na yeyote anayefahamu mfumo wa stakabadhi ghalani wanaoutumia wakulima wa korosho nchini Tanzania. Mkulima habebi magunia kutoka mnunuzi mmoja hadi mwingine. Magunia hubaki ghalani, na kinachotembea ni karatasi. Katika PipeWire, picha hubaki mahali pamoja katika kumbukumbu ya kompyuta au ya kadi ya picha, na programu hupeana kibali kidogo kinachoonyesha ilipo.

Ufumbuzi wa pili ulihusu zamu. Katika toleo la 0.3 lililotoka mwaka 2020, utaratibu wa kugawa zamu uliandikwa upya ili ufanane na ule wa JACK, ambapo programu zote hufuata mdundo mmoja. Tofauti ni kwamba mdundo huo hubadilika kulingana na mahitaji. Kwa kawaida akiba huwa ya sampuli 1,024. Programu ya muziki ikiomba sampuli 64, mfumo mzima huharakisha mwendo. Ikifungwa, mwendo hupungua na betri hupumzika.

Kwa maneno mengine, swali la nani awe na tangi kubwa na nani dogo halikujibiwa kwa kumpendelea mmoja. Tangi lilifanywa kuwa la kupanuka na kusinyaa.

Hata hivyo, ubora wa usanifu pekee haukutosha. Kulikuwa na programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya PulseAudio, na nyingine nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya JACK. Kuwaomba waandishi wa programu hizo wote waanze upya kungekuwa sawa na kurudia kosa la mwaka 2008.

PipeWire ilichukua njia ya unyenyekevu. Ilijifunza lugha za watangulizi wake. Programu ya zamani ikiita PulseAudio, PipeWire huitika kwa jina hilo. Ikiita JACK, huitika vilevile. Ardour na kivinjari cha intaneti vinaweza kutoa sauti kwenye kadi moja kwa wakati mmoja, na hakuna kati yao kinachojua kwamba aliye mlangoni ni mtu mwingine.

Mpangilio wa hatua nao ulikuwa wa busara. Novemba 2017, Fedora 27 iliingiza PipeWire kwa ajili ya video peke yake, mahali ambapo hapakuwa na kitu kingine na hivyo hapakuwa na wa kulalamika kuporwa. Sauti iliachwa mikononi mwa PulseAudio hadi Aprili 2021, Fedora 34 ilipoibadilisha. Ubuntu ilisubiri hadi Oktoba 2022, na Debian, kwa watumiaji wa GNOME, hadi Juni 2023.

Katika kipindi hicho dunia ilipita katika janga la Uviko-19, ambapo mikutano ya video iligeuka kutoka anasa na kuwa ofisi, darasa na hata mahali pa kuagana na wafiwa. Haja ya kushiriki skrini na kamera kwa njia salama haikuhitaji tena kuelezwa.

Ahadi na mipaka yake

Si haki kusema kwamba kila kitu kimetatuliwa. Kuchelewa kwa sauti hakutoki kwenye mfumo mmoja tu. Hedifoni za Bluetooth mara nyingi huongeza milisekunde 100 hadi 200 zinazosababishwa na njia ya kubana na kutuma sauti hewani, na hakuna programu ya ndani ya kompyuta inayoweza kuzifuta.

Aidha, mfumo wa kugawa zamu hauwezi kuwa wa haraka kuliko kiini kinachouamsha. Kazi ya kukifanya kiini cha Linux kitimize miadi yake bila kuchelewa ilichukua takriban miaka 20, na sehemu yake ya mwisho iliingizwa rasmi katika toleo la 6.12 la Novemba 2024. Wapo mafundi wa studio ambao bado hupendelea JACK, au kuipa Ardour kadi nzima peke yake, na wana sababu zao.

Ulinganisho na washindani unasaidia kupima mafanikio hayo. Apple, inayotengeneza mashine na mfumo wake kwa pamoja, imekuwa na Core Audio inayowahudumia wanamuziki na watumiaji wa kawaida tangu ilipoanza kuuza Mac OS X mwaka 2001. Kwa upande wa Windows, kwa miaka mingi wanamuziki wametegemea ASIO, utaratibu uliobuniwa mwaka 1997 na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, ambao huikwepa njia ya kawaida ya sauti ya Windows.

Apple iliweza kwa sababu mwenye amri alikuwa mmoja. Linux haina mwenye amri. Umoja wake ulipatikana kwa hiari, miongoni mwa watu wasioweza kulazimishana, na hilo linaupa thamani ya pekee.

Mlinzi wa njia panda

Hapo ndipo linapokuja swali zito. Kabla ya PipeWire, sauti ilipita njia moja, kamera njia nyingine na skrini njia ya tatu. Sasa vyote vinapita mahali pamoja. Aliyeshika mahali hapo ana uwezo wa kusikia kila neno linalosemwa mbele ya kompyuta na kuona kila kinachoonyeshwa.

Kwa upande mmoja, hiyo ni heri. Palipo na lango moja, mlinzi mmoja anatosha. Programu inayotaka kuona skrini chini ya Wayland lazima ipige hodi. Mtumiaji huulizwa, huchagua dirisha au skrini nzima, na PipeWire hupitisha kilichochaguliwa peke yake. Utaratibu wa namna hiyo upo pia kwa kamera, kwa programu zinazowekwa ndani ya uzio kama wa Flatpak.

Kwa upande mwingine, ulinzi huo una pengo. Programu iliyosakinishwa kwa njia ya kawaida, nje ya uzio, huendeshwa kwa mamlaka yote ya mtumiaji na mara nyingi hufika kwenye kipaza sauti bila kuulizwa. Lango ni imara, lakini ukuta bado haujazunguka nyumba nzima.

Hatari ya pili haihusu mitambo bali watu. Tangu mwanzo hadi toleo la 1.0, sehemu kubwa ya kazi ya PipeWire ilibebwa na mtu mmoja, Taymans, anayelipwa na kampuni moja. Ni kweli kwamba wengine wamechangia. Kampuni ya Collabora, kupitia mhandisi George Kiagiadakis, ndiyo iliyojenga WirePlumber, sehemu inayoamua sauti ipi iende wapi. Lakini uzito wa mradi umeegemea bega moja.

Red Hat ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34 za Marekani, na faida yake kubwa hutoka kwenye seva za makampuni, si kwenye kompyuta za mezani. Juni 2023, kampuni hiyo ilitangaza kuacha kuandaa LibreOffice, programu ya ofisi, kwa matoleo yajayo ya mfumo wake wa kibiashara. Hakuna dalili kwamba PipeWire itapatwa na hayo, lakini tukio hilo linakumbusha kwamba kampuni hulipia kinachoinufaisha, na hesabu za manufaa hubadilika.

Nini hutokea mradi muhimu unapomtegemea mtu mmoja aliyechoka? Dunia iliona mfano Machi 2024. Mtu aliyejifanya mchangiaji mwema alikuwa ametumia miaka kadhaa kujipatia imani ya msimamizi wa xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika karibu kila mahali katika Linux, kisha akapenyeza mlango wa siri. Uligunduliwa na mhandisi Andres Freund, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kulichelewa kwa nusu sekunde hivi.

Kuna funzo la pekee katika tukio hilo kwa wanaoshughulika na milisekunde. Kuchelewa kudogo ambako wengi wangekupuuza ndiko kulikoiokoa intaneti. Lakini mtandao wa dunia nzima hauwezi kulindwa kwa kutegemea bahati ya mtu mmoja makini.

Tofauti na mifumo ya makampuni, PipeWire imeandikwa kwa leseni ya MIT inayomruhusu yeyote kuisoma, kuibadili na kuiendeleza. Hiyo ina maana kwamba iwapo mfadhili ataondoka, kazi haitapotea. Lakini ruhusa ya kuendeleza si sawa na kuwapo kwa watu wenye ujuzi na mishahara ya kufanya hivyo. Shamba lililo wazi kwa wote halijilimi lenyewe.

Makampuni yanayonufaika ni mengi. Valve inaitumia PipeWire katika mashine yake ya michezo ya Steam Deck iliyoanza kuuzwa mwaka 2022. Mradi wa Automotive Grade Linux umeichagua kwa ajili ya mifumo ya sauti ndani ya magari. Yote hayo yana fedha za kuajiri mhandisi wa pili, wa tatu na wa nne wa kukaa karibu na Taymans na kujifunza kazi yake wakati mambo yakiwa shwari.

Waliounganisha sauti na picha walifanikiwa kwa sababu walijifunza kutokana na haraka ya mwaka 2008. Walisubiri, wakaanza na penye pengo, wakazungumza lugha ya wenyeji. Busara hiyohiyo sasa inahitajika katika kutunza kilichojengwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa PipeWire, wa kutegemea bega moja, bado ni mwembamba kiasi cha kuzibwa kwa gharama ndogo.